Maisha ya Mwami Mwezi Gisabo

Katika bweni letu vitabu vya safari za angani hupita mkono kwa mkono hata vikachakaa. Ndani yake mna vyombo viendavyo kutoka nyota hata nyota, mna wajumbe wanaotumwa kupatanisha falme, mna wapelelezi waliojificha katika nyumba za wakubwa, na mara nyingi mwisho wa kitabu huonekana kwamba adui mkubwa kuliko wote alikuwa ni jamaa: baba, au ndugu, au mkwe. Mimi nami huvisoma. Lakini nimefikiri hivi, kwamba ukiviondoa vyombo vile vinavyoruka, yanayobaki ni mambo matatu ya dunia hii hii, yaani ujumbe, upelelezi na ugomvi wa nyumbani. Na hayo yote yalikwisha tendeka katika milima hii inayosimama nyuma ya Magara, wakati wa mfalme ambaye hata jina lake ni la mbinguni. Ndiye Mwami Mwezi Gisabo, na maisha yake ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza tutazame jina lake. Wafalme wa Burundi walikuwa na majina manne yaliyopokezana: Ntare, kisha Mwezi, kisha Mutaga, kisha Mwambutsa, halafu yakaanza tena kwa Ntare. Ntare maana yake simba, na Mwezi ni huu mwezi unaotuangazia usiku. Ama Gisabo, hilo ni jina la kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa mpaka yatoe siagi. Mfalme akiisha kupewa jina la zamu yake na kukabidhiwa ngoma kuu Karyenda, hakuwa tena mtu kama watu wengine. Walikuwako watu maalum walioitwa abanyamabanga, yaani watu wa siri, ambao kazi yao ilikuwa kulinda mila za ufalme na kunyamaza.

Mwezi alizaliwa katika miaka ya 1840. Baba yake alikuwa Ntare Rugamba, mfalme shujaa aliyepanua nchi sana kwa vita, hata mipaka yake ikakaribia kuwa kama ilivyo leo. Ntare alipokufa, karibu na mwaka 1852, aliacha wana wengi wakubwa waliokuwa wamekwisha kupewa sehemu zao za kutawala, na ufalme wenyewe ukamwangukia mtoto mdogo. Kwa kuwa mtoto hawezi kuamua mambo ya nchi, kaka yake mkubwa, jina lake Ndivyariye, alishika madaraka kwa niaba yake. Basi, ndugu zangu, ninyi mnajua namna mambo kama haya yanavyokwenda. Mtu akiisha kuzoea kukalia kiti cha mwenzake, siku ya kuondoka huiona ni siku ya kuonewa. Mwezi alipokuwa kijana na kutaka kutawala mwenyewe, Ndivyariye hakuwa tayari kuachia. Wakapigana, watoto wa baba mmoja, na Ndivyariye akashindwa.

Vita vile vilikwisha, lakini chuki haikwisha. Tangu hapo wale watoto wa kifalme, waitwao baganwa, waligawanyika makundi mawili. Wazao wa Ntare waliitwa Batare, na wazao wa Mwezi wakaitwa Bezi. Mwezi aliwaweka wanawe mwenyewe katikati ya nchi, karibu naye, akawaachia Batare sehemu za mbali za pembeni. Kwa akili ya utawala lilikuwa jambo la busara, maana mfalme alizungukwa na damu yake. Lakini mtu aliyesukumwa pembeni ndiye anayekaa mpakani, na mgeni akija humkuta yeye kwanza. Jambo hili naomba mlikumbuke.

Katika siku hizo Burundi ilikuwa imezungukwa na hatari. Kaskazini alikuwako mfalme Rwabugiri wa Rwanda, mtu wa vita asiyechoka, ambaye alijaribu kuishambulia Burundi na hakufanikiwa kuishinda. Upande wetu wa ziwa zilikuja hatari za namna nyingine. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata ufuko huu wetu kuelekea kaskazini, ili wajue kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakaona kwamba unaingia. Mwaka 1879 Mapadri Weupe walifanya makao yao Rumonge, kusini mwa hapa, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa pale katika ugomvi na watu wa jumbe wa mahali. Baada yao alikuja kutoka Ujiji Mohamed bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, tajiri wa pembe na watumwa, mwenye bunduki nyingi. Yeye alishika sehemu za pwani ya ziwa na kutaka kupanda milimani, lakini majeshi ya Mwezi, yenye mikuki na mishale tu, yalimzuia. Watu wengi wa bara waliharibiwa na biashara ile ya watumwa, na kwamba milima ya Burundi haikuharibiwa hivyo ni sifa moja kubwa ya mfalme huyu.

Lakini silaha yake iliyo kubwa kuliko mikuki ilikuwa kujificha. Mwezi hakukaa mahali pamoja. Alikuwa na makao mengi katika milima ya kati, akahama kutoka hili hata lile, na mgeni aliyeuliza habari zake hakujibiwa au alijibiwa mambo ya kumpoteza. Mwaka 1892 alipita katika nchi hii Oscar Baumann, Mwaustria mmoja aliyetumwa na Wajerumani. Watu wengi walimfuata wakiimba na kucheza, naye akaelewa kwamba wanamdhani kuwa ni mfalme Mwezi aliyerudi, na ya kwamba ukoo wa wafalme wale umekwisha. Akarudi kwao akiandika kwamba ameivumbua Milima ya Mwezi iliyotajwa na watu wa kale, na chemchemi ya mto Nili. Kumbe wakati ule wote Mwezi yu hai, mtu mzima mwenye nguvu, anatawala, na kila hatua ya mgeni yule anaambiwa na watu wake! Mimi katika vitabu vya angani sijaona upelelezi uliofanywa vizuri kuliko huo. Mpelelezi alikwenda zake akiamini kwamba mtu aliyepaswa kumtafuta hayupo duniani.

Hata hivyo Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Abadagi, walikuwa wamekwisha kupatana na mataifa mengine ya Ulaya kwamba nchi hii ni yao. Mwaka 1897 walijenga boma Usumbura, mji ambao leo unaitwa Bujumbura, na wamisionari wakaanza vituo vyao huko juu, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Mwezi hakuwapenda wageni hao, lakini pia hakuwashambulia kwa nguvu zake zote. Aliona bunduki zao. Basi akafuata njia ya kungoja: hakukubali, hakukataa, hakuonekana. Wakati mwingine aliwatumia wajumbe, na wakati mwingine watu wake waliwasumbua wapagazi njiani. Wajerumani walichukia sana, maana walikuwa na askari wachache na nchi ni ya milima, na mtu asiyeonekana huwezi kumlazimisha kutia mkono wake katika karatasi.

Wangeweza kuendelea hivyo kwa miaka mingi. Lililouvunja ukuta ule halikutoka nje.

Mwezi alikuwa na mkwe jina lake Maconco, mganwa aliyemwoa binti yake. Kijana huyo alikuwa hodari na mwenye kiburi, na mwanzoni alipendwa nyumbani kwa mfalme. Kisha wakagombana. Katika Burundi nzima husimuliwa kwamba ugomvi wao ulitokana na mbwa wa kuwinda. Kila mzee anao usimulizi wake, na katika kila usimulizi yule mbwa ndiye anayesababisha maneno. Wengine husema mbwa ni kisingizio tu, na kwamba shina la jambo lilikuwa mashamba na madaraka. Mimi nafikiri yote mawili yanaweza kuwa kweli. Watu wa nyumba moja hawagombani kwa jambo kubwa mara ya kwanza. Hugombana kwa jambo dogo linaloonyesha jambo kubwa. Mkwe alitaka kuheshimiwa kama mwana, na mfalme alitaka kutiiwa kama mfalme, hata katika nyumba yake. Hakuna aliyerudi nyuma. Maconco akaasi, akapigana na baba mkwe wake, na alipobanwa akashuka kwa Wajerumani akaomba msaada wao.

Alikuwako na adui wa pili, jina lake Kilima. Huyu alitoka upande wa magharibi, ng'ambo ya Rusizi, akajitangaza kuwa ni mzao wa mfalme Ntare. Kama kweli alikuwa wa damu ile ni jambo lililobishaniwa, lakini katika nchi ambayo Batare wengi walikuwa na kinyongo, dai lile lilitosha kumpatia wafuasi. Alipata bunduki, akateka sehemu za kaskazini magharibi, na watu wa Mwezi hawakuweza kumtoa.

Sasa aliingia katika habari hii Kapteni Robert von Beringe, mkubwa wa boma la Usumbura. Huyu ndiye aliyewapiga sokwe wawili juu ya mlima Sabinyo mwezi wa Oktoba 1902, na wanyama wale wa milimani wakapewa jina lake na wataalamu hata leo. Gavana wa Dar es Salaam, Graf von Götzen, hakutaka vita na Mwezi. Lakini Beringe aliona kwamba mfalme anawadharau Wajerumani, na sasa alikuwa na kitu ambacho waliomtangulia hawakuwa nacho: watu waliokula pamoja na mfalme. Kilima aliwapa nguvu upande mmoja. Maconco aliwapa kilicho cha thamani kuliko bunduki, yaani njia za milimani, majina ya makao, na desturi za mtu aliyefichwa na nchi nzima. Katika mwaka 1903 Beringe alipanda na askari wake na bunduki ya mitambo, pamoja na watu wa maadui wale wawili. Makao ya mfalme yalichomwa moto, watu wengi waliuawa, ng'ombe wakatekwa. Mwezi, mzee wa karibu miaka 60, alikimbia kutoka kilima hata kilima, akiwindwa na mume wa binti yake.

Mwishowe alijitokeza. Tarehe 6 Juni 1903, mahali paitwapo Kiganda, mfalme aliyekuwa haonekani alisimama mbele ya Wazungu, na mkataba ukafanywa. Masharti yake yalikuwa machungu. Alikubali utawala wa Ujerumani. Alitakiwa kutoa faini ya ng'ombe 424. Alitakiwa kutogusa misheni ya Mugera wala misafara ya wasafiri, na kuiacha wazi njia ya kutoka Usumbura kwenda Muyaga. Tena, na hili nadhani ndilo lililomwuma kuliko ng'ombe, alilazimishwa kukiri kwamba Kilima na Maconco ni wakubwa wanaojitegemea, ambao yeye hana amri juu yao. Hebu fikirini: mzee anatakiwa kukubali mbele ya wageni kwamba mkwe wake si mtu wake tena.

Kama hadithi ingekomea hapa, tungesema Mwezi alishindwa kabisa. Lakini hapa ndipo ninapoona akili yake. Vita vilimshinda, akarudia kazi aliyoijua zaidi, yaani kungoja na kutazama maadui zake wanavyotofautiana. Hakukimbilia Kongo, wala hakuinua vita vingine visivyo na tumaini. Alikubali, akanyamaza. Na kule Dar es Salaam Gavana Götzen alipopata habari alikasirika sana, kwa kuwa Beringe alikuwa amevunja amri. Gavana alifahamu hesabu ambayo Beringe hakuifahamu: Wajerumani walikuwa wachache mno kuitawala nchi hii wenyewe. Tena walikuwa wakibishana na watu wa Kongo juu ya mpaka wa Rusizi na Kivu. Walihitaji mfalme mmoja mwenye nguvu, ambaye watu humsikiliza, wala si wakubwa kumi wanaonyang'anyana ng'ombe. Beringe aliondolewa, akawekwa Kapteni von Grawert, ambaye watu walimwita Bwana Digidigi kwa mlio wa bunduki yake.

Grawert aliigeuza siasa yote. Mwaka 1905 Wajerumani walimkubali Mwezi kuwa mfalme wa Burundi yote, wakaanza kumsaidia dhidi ya wakubwa walioasi. Basi wale wawili waliowafungulia mlango wageni wakawa hawana kazi tena. Maconco, ambaye sasa alikuwa amekosana na Wajerumani pia, alikamatwa na kunyongwa mwaka huo huo wa 1905. Kilima naye alikamatwa, akahamishwa mbali na nchi. Hivyo mkataba wa Kiganda ulibaki karatasi tu katika sehemu ile iliyomwumiza Mwezi zaidi, lakini katika sehemu ya kwanza, ile ya kukubali utawala wa wageni, uliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Wazungu walirudisha kwa mkono mmoja walichotaka kurudisha, na walichotaka kushika wakakishika.

Mwezi Gisabo alikufa mwezi wa Agosti 1908, baada ya kutawala zaidi ya miaka 50. Alikuwa ameanza kutawala wakati ambapo hakuna Mzungu aliyeliona ziwa letu, akamaliza wakati ambapo bendera ya Kaisari inapepea Usumbura. Siri za mazishi ya wafalme zilihifadhiwa na watu wa siri, huko juu karibu na msitu wa Kibira, kama ilivyokuwa desturi.

Na nyumba yake je? Hakuacha amani ndani yake. Aliyemfuata alikuwa mwanawe Mutaga, kijana wa karibu miaka 15, na mara wakaanza kushindana juu yake malkia Ndirikumutima na Ntarugera, mwana mkubwa wa Mwezi. Yaliyompata Mwezi alipokuwa mtoto yalirudi tena kwa mwanawe. Mutaga alikufa mwaka 1915 angali kijana, na wengi husimulia kwamba alikufa kwa jeraha alilopata katika ugomvi na ndugu yake. Chuki ya Bezi na Batare haikuzikwa pamoja na mtu yeyote. Nchi ilipokaribia uhuru, viongozi wa chama cha UPRONA na wa chama cha PDC waliposhindana, kwa upande mmoja alikuwako Rwagasore, kitukuu wa Mwezi, na kwa upande wa pili wana wa Baranyanka, wa ukoo wa Batare. Rwagasore alipouawa tarehe 13 Oktoba 1961, miongoni mwa waliohukumiwa walikuwamo viongozi wa PDC. Walikuwako na wageni waliotia mkono katika mambo yale, kama siku zote. Lakini tena mgeni aliukuta ufa uliokwisha kuwako, wenye umri wa miaka 100.

Sasa nitasema ninavyofikiri, na atakayenipinga aandike katika toleo lijalo. Tunapofundishwa habari hii, Maconco huitwa msaliti, na hilo ni kweli, sina neno la kumtetea. Aliwaongoza watu wenye bunduki mpaka katika nyumba aliyoolea. Lakini nikimtazama Mwezi naona kwamba mtu yule aliyekuwa na subira ya ajabu kwa Rumaliza, kwa Baumann na kwa Wajerumani, hakuwa na subira hata kidogo kwa mkwe wake. Kwa adui alituma wajumbe, alingoja mvua na jua, alipima maneno. Kwa jamaa yake alituma mikuki. Angetumia nusu ya busara aliyowatumia wageni ili kumaliza maneno ya mbwa, pengine Beringe angezunguka milimani mpaka viatu vyake viishe, bila kumwona.

Na neno hili si la wafalme tu. Katika vilima vyetu, katika nyumba za uvuvi za ufuko huu, hata katika shule, twajua kumsalimu mgeni kwa adabu na kumjibu kwa upole, kisha twarudi nyumbani kumnyima ndugu neno moja jema kwa sababu ya mpaka wa shamba au wavu uliopotea. Burundi ilikuwa na bashingantahe wake, wazee wa kuamua maneno, ambao wangeweza kukaa hata siku nyingi ili kuwapatanisha watu wawili. Dawa ilikuwako nyumbani. Mfalme na mkwe wake hawakuinywa, na gharama yake haikuwa ng'ombe 424 peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema Waswahili. Nami naongeza kwamba mara nyingi kiliingia nguoni kikiwa kidogo, na mwenye nguo alikiona.